Trekta Anakusalimu, Mama wa Nduku

Mpendwa Mama wa Nduku,

Nimeandika hilo neno "mpendwa", nikaweka kalamu chini, nikatoka nje kutazama kama kuna mtu ameniona. Hakuna. Kuku wawili tu, na hao hawajui kusoma. Nimerudi kwenye kiti. Bwana asifiwe, naanza.

Tangu nimuoe binti yako sijawahi kukuambia neno moja uso kwa uso, wala wewe hujawahi kuniambia. Tukikutana njiani, wewe ulikuwa unaingia majani ya upande huu, unavuta kaniki yako juu ya kichwa, na mimi naingia majani ya upande ule, na njia inabaki katikati peke yake kama kitu kisicho na mwenyewe. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wakamba. Mtu na mama mkwe wake wana nthoni, na nthoni si chuki, wasomaji wasio wa kwetu wasije wakafikiri hivyo. Ni heshima iliyozidi mpaka ikakosa mdomo.

Kwa sababu hiyo nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kikamba mkono wangu ungekataa. Kikamba ni lugha uliyomzalia Nduku, kila neno lake linakujua wewe ni nani na mimi ni nani. Kiswahili nilikipata kwenye kambi za kazi na kwenye mashine, nikakisoma kidogo misheni, na ndani yake sina mkwe. Fundi mmoja wa reli, mtu wa pwani, aliniambia kwamba kwao jambo hili linaitwa soni. Nilifurahi kusikia kwamba hata huko wanalo. Lakini neno la mwenzako halikuchomi kama lako.

Jina lako sitaliandika hapa. Usiwe na wasiwasi.

Nataka kukukumbusha habari za breki. Najua unazikumbuka, kwa maana kila mara Nduku alipokwenda Kitui kukuona ulimuuliza kwanza, "Trekta hajambo?" ndipo ukauliza wajukuu. Lakini tulizikumbuka kila mtu upande wake, na mgongo katikati. Leo nataka tuzikumbuke pamoja.

Ulikuwa mwaka ambao mvua ya vuli ilitudanganya. Ilinyesha siku chache, tukapanda, ikaenda zake. Huku chini ya vilima vya Kilungu watu walikuwa wamebaki na kazi za shamba la mkonge tu, na mimi nilikuwa nimeshika trekta la Bwana mwenye shamba. Lilikuwa zee. Magurudumu ya nyuma yalikuwa ya chuma, yenye meno, na kiti chake kilikuwa chuma kitupu, mpaka Nduku akanishonea gunia la kukalia. Kazi yangu ilikuwa kuvuta trela lenye marobota ya mkonge kutoka shambani, kuteremka kilima, mpaka stesheni ya reli.

Kupanda, trekta halikuwa na neno. Kuteremka ndiko kulikuwa na habari. Kwa ndani ya magurudumu ya nyuma, kila upande palikuwa na ngoma ya chuma, na kila ngoma ilizungukwa na mkanda. Ukikanyaga pedeli, mkanda unaikumbatia ngoma, trekta linasimama. Sasa ndani ya ule mkanda hubandikwa kitambaa kigumu, kinashikwa na ribiti za shaba, na hicho ndicho kinachouma ngoma. Changu kilikuwa kimelika chote. Zilikuwa zimebaki ribiti zinakwaruza chuma, zinalia kama panya. Bwana alikuwa ameagiza kitambaa kipya Nairobi. Tukangoja. Kila treni ilileta barua zake na haikuleta kitambaa changu.

Siku moja trekta lilinikimbia. Si sana, lakini lilinikimbia. Trela lilinisukuma kwa nyuma, nikakanyaga pedeli, nikapata upepo. Na unajua, Mama, mimi kabla ya trekta nilikuwa mtu wa plau ya ng'ombe. Nilisahau kabisa kwamba nimekalia chuma. Nikaanza kulipigia kelele za ng'ombe. "Hoo! Hoo! Simama, wewe! Nani amekutuma!" Mpaka nikaliingiza kwenye kichuguu kikubwa na likatulia. Nilikuwa mzima, ila magoti yaliendelea kuteremka kilima peke yao.

Bahati mbaya palikuwa na mtu barabarani, yule mfanyabiashara Msomali aliyekuwa akipitisha mbuzi na ng'ombe kwenda Kitui. Alinisaidia kushuka, akanipa maji, akamshukuru Mungu kwa ajili yangu, mtu mwema kabisa. Kisha akaenda sokoni Kitui akasimulia. Na soko la Kitui lilijua nyumba yako.

Ulikuja kwa miguu. Ulivuka Mto Athi maji yakiwa magotini, ukaingia kambini kwetu Ijumaa alasiri na mzigo mgongoni, mukwa umekaa kichwani mahali pake. Kwa wale wasioujua, mukwa ni mkanda wa ngozi ya ng'ombe ambao mama wa kwetu hubebea maji na kuni, anaupitisha juu ya kichwa mzigo ukiwa mgongoni, na ukiubeba miaka mingi unakuachia bonde kwenye utosi. Mimi niliona mzigo tu kwa mbali nikajua ni wewe, nikaruka nyuma ya trekta.

Ukaingia nyumbani. Ukuta wetu ulikuwa wa udongo, mwembamba, na mimi niko nje na spana. Nilisikia kila kitu, na ulijua nasikia. Lakini Nduku ndiye mjumbe, kwa hiyo alitoka, tumbo mbele, maana alikuwa mzito miezi ya mwisho, mikono kiunoni.

"Mama anasema habari zako zilifika Kitui kabla ya chumvi."

"Mwambie si zote za kweli."

Akaingia, akatoka. "Anasema hakuja kuuliza zote. Amekuja na swali moja. Trekta lina breki au halina?"

Nikafikiri. Mimi ni mtu wa kanisa, siwezi kusema uongo, na siwezi kumtisha mama mkwe. "Mwambie lina breki kidogo."

Nilisikia kicheko chako ndani. Kicheko kikakatika ghafla. Nduku alipotoka uso wake haukuwa na mchezo.

"Anasema hajawahi kuona mjane kidogo. Anasema nifunge vitu vyangu. Atanichukua mimi na huyu binti yetu wa kwanza, nizalie kwake. Ukipata breki nzima, utanifuata."

Ndilo neno lililokuja mlangoni kwangu siku hiyo. Bwana alikuwa amesema Jumatatu lazima marobota yashuke, na akasema, "Teremka na gia ya kwanza, polepole, utafika." Nikikataa, kulikuwa na vijana kumi pale ghalani wanaotamani kile kiti cha chuma. Nikikubali, mke wangu anaondoka na mwanangu. Na nilimjua Nduku. Asingenilaumu, lakini njia ya Kitui ni ndefu, na mtu akishakwenda kwa mama yake kwa sababu ya hofu, hofu hiyo hurudi naye.

Usiku ule niliomba. Sikuomba maneno mazuri. Nilimwambia Mungu, nipe kitu cha kubandika ndani ya ule mkanda. Nilikuwa nimekwisha jaribu gunia lililokunjwa, likaungua. Mpira wa gari, ukayeyuka ukanuka mpaka kwa Bwana.

Jumamosi asubuhi Nduku alikuja na mukwa wako mikononi, ameubeba kama anavyobebwa mtoto.

"Mama anauliza, ngozi haiwezi?"

Nikautazama. Ngozi nene, upana wa vidole vinne, imekazwa na mizigo ya miaka. Nikasema ngozi inaweza, mafundi wa zamani walitumia ngozi. Lakini nikasema siwezi kuchukua mukwa wa mama.

Kutoka ndani ya nyumba sauti yako ilipaa, ukimwambia mtoto wetu, ambaye hakuwa amekuuliza kitu: "Unaijua hiyo ngozi, mjukuu wangu? Ni ya yule fahali baba yako alimleta katika mahari. Fahali mkaidi! Hakuna siku aliambiwa simama akasimama. Nilimchinja kwa hasira. Sasa atajifunza hiyo kazi."

Nduku akacheka mpaka akashika tumbo. Mimi nilikuwa nimemkumbuka fahali. Alikuwa kweli hivyo. Nilimsukuma mwenyewe toka Kilungu mpaka kwako, na alinilaza porini njiani kwa ukaidi wake.

Nikapima, nikakata vipande viwili. Nduku akachukua kibuyu akaenda mtoni na mtoto. Nikawasha moto, nikatia msumari mrefu ukawa mwekundu, ili nitoboe matundu ya ribiti. Nikachoma tundu la kwanza. Mama, mafuta yakachemka! Yalitoka pembeni ya tundu yakaruka-ruka kama kwenye kikaango. Nikatazama vidole vyangu, vinang'aa. Ndipo nikaelewa. Ulikuwa umeupaka mafuta ya mbarika kama mama yeyote mwangalifu anavyopaka mukwa wake usikauke ukakatika. Na ngozi yenye mafuta ni kitu kizuri kichwani, lakini kwenye breki ni sabuni.

Nilikaa chini. Mukwa wako nimekwisha ukata. Mjumbe ameenda mtoni. Na wewe umetoka nje, umeketi kivulini kwa nyuma ya nyumba, mgongo kwangu, unachambua mbaazi. Tulikuwa wawili tu dunia nzima na hakuna wa kubeba neno.

Nilifikiri nimsubiri Nduku. Lakini mtoni wakati wa kiangazi ni foleni, mnachimba mchanga mnangoja maji yachuruzike, na jua lilikuwa linakwenda. Ngozi ikihitaji kuoshwa na kukauka ni leo, kwa maana kesho ni siku ya Bwana na mimi sishiki nyundo. Nikakohoa. Ukakohoa. Mbaazi zikaendelea kuanguka kwenye ungo.

Mwishowe nilisimama mbele ya trekta, nikaliangalia usoni pale kwenye rejeta, nikasema kwa sauti:

"Wewe trekta. Hii ngozi imekunywa mafuta. Ikifungwa hivi haitakushika. Tutafika stesheni kabla ya treni, tena kwa kichwa."

Mbaazi zikasimama. Kisha ukasema, bila kugeuka hata shingo:

"Trekta. Mwambie huyo anayekupigapiga kwamba mafuta ni ya mbarika, nilipaka mwenyewe juzi njiani. Angesema kabla ya kukata."

"Trekta, angesemaje naye hana mjumbe?"

"Trekta, angekohoa."

"Trekta, alikohoa."

"Amekohoa baada ya kukata," ukasema. "Hicho ni kikohozi cha mazishi."

Nilicheka, Mama. Nilificha uso kwenye gurudumu nikacheka, na mgongo wako nao ulikuwa unatikisika. Halafu ukaliambia trekta kwamba mafuta ya mbarika hayaogopi maji, yanaogopa majivu. Ukasema niweke ngozi kwenye jiwe, niondoke. Niliiweka nikaenda nyuma ya ghala. Niliporudi ulikuwa umerudi kivulini, na ngozi ilikuwa imesuguliwa kwa majivu ya moto na mchanga mpaka imegeuka rangi, imelazwa juani na mawe pembeni isijikunje. Nikaongeza kuifuta kwa parafini. Tukangoja ikauke, wewe upande wako na mimi upande wangu, na trekta katikati kama mzee wa baraza.

"Trekta," uliuliza baadaye, "na wewe kesho unaenda kanisani?"

"Trekta haendi. Dereva wake anaenda."

"Aombee ngozi basi."

Nduku aliporudi na maji alitukuta kimya kabisa. Akatazama huku, akatazama kule. "Kumetokea nini hapa?" Hakuna aliyemjibu. Trekta nalo halikusema.

Nilitoboa matundu upya, nikazamisha vichwa vya ribiti ndani ya ngozi visiguse ngoma, nikazigonga, nikachonga ncha zilale, nikarudisha mikanda, nikakaza bolti. Giza liliponikuta nilikuwa nimemaliza. Jumapili nyundo ililala. Kanisani nilikuwa upande wa wanaume na nilijua uko nje chini ya dirisha, unasikiliza nyimbo, kwa maana hukuwa umebatizwa bado. Mchungaji wetu alihubiri siku hiyo juu ya kuacha mila za giza. Alihubiri vizuri. Ni kweli pia kwamba mwezi uliotangulia mama mkwe wake alipokuja ibadani, mchungaji alitokea mlango wa nyuma na Biblia kichwani. Mimi simcheki. Injili ni kubwa na miguu yetu ni ya Kikamba.

Sasa Jumatatu.

Marobota yalipakiwa alfajiri. Nduku alikuwa juu ya kilima na mtoto na furushi lake limefungwa, amekaa juu yake. Mlikuwa mmekubaliana: breki zikishika, anafungua furushi. Zisiposhika, anashika njia ya Athi. Nilipanda kwenye kiti, nikajaribu pedeli pale kwenye tambarare. Ilishika. Lakini tambarare si kilima, kila mtu anajua.

Nilifikiri utakaa na Nduku. Niliposhika gia ya kwanza na kuanza kwenda, nikaona kaniki nyeusi inatoka kwenye majani na kuingia barabarani mbele yangu. Ukaanza kuteremka. Katikati kabisa ya barabara. Mzigo wako mdogo umeufunga mgongoni kwa kamba ya maganda ya mti, kwa sababu mukwa wako uko chini ya miguu yangu.

Nduku alipiga kelele, "Mwaitu! Mama! Toka hapo!"

Ulimjibu bila kugeuka, na nilisikia juu ya mngurumo wa injini: "Kuna mtu aliyewahi kumpita mama mkwe wake njiani?"

Basi ndivyo ulivyonifunga. Kukupita siwezi, ni mwiko. Kukuita siwezi. Jina lako sina ruhusa ya kulitia mdomoni. Kusimama pale juu siwezi, trela limekwisha anza kusukuma. Niliweza kitu kimoja tu, kwenda nyuma yako polepole kama mtu anayesindikiza. Nilianza sala ya Bwana, nikafika kwenye mkate, nikasahau kinachofuata, nikaanza tena.

Nilikuona siku hiyo kuliko siku zote. Kichwa chako kilikuwa hakina mukwa, na kaniki ilikuwa imeanguka mabegani, na nikaliona lile bonde la mukwa kwenye utosi, refu, limepita toka sikio hadi sikio. Nikafikiri: maji yote aliyokunywa mke wangu akiwa mtoto yamepita hapo.

Tukafika kwenye kona, pale palipokuwa na kichuguu changu. Kilima kinainama ghafla. Nilisikia marobota yanahama, trela likanigonga mgongoni. Nikakanyaga. Ngozi ikalia. Ililia kama ndama, na harufu ikaja, harufu ya kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa. Uliisikia, kwa sababu ulifanya jambo ambalo mpaka leo nikilala naliona. Ulisimama.

Ulisimama katikati ya mteremko, mbele ya meno ya chuma, mgongo kwangu. Ukashusha mzigo wako chini. Ukaanza kuufunga upya.

Nikakanyaga kwa miguu miwili. Niliinuka kwenye kiti nikaegemeza uzito wangu wote, na roho yangu, na wa marehemu baba yangu. Moshi ulipanda pande zote mbili. Trekta likatetemeka, likapiga hatua moja ya meno, likapiga nusu, likasimama. Fahali alikuwa amesimama! Ningeweza kuinama nikaokota ule mzigo wako kwa mkono.

Hukuharakisha. Ulimaliza fundo, ukalikaza kwa meno, ukainua mzigo mgongoni. Halafu ukasema, kama mtu anayezungumza na barabara:

"Haya, trekta. Umesikia."

Ukaingia kwenye majani ya upande wa kushoto, ukavuta kaniki juu ya kichwa, ukageuza uso kwenye mti. Ukanipa njia. Nilipita nimeinamisha macho, machozi yanadondoka kwenye magoti, na nilipofika chini nikatazama juu nikaona Nduku amesimama kileleni, anakung'uta nguo moja baada ya nyingine kutoka kwenye furushi na kuzitundika kwenye vichaka, kama ni siku ya kufua.

Ulikaa mpaka akajifungua. Alikuwa msichana, wa pili, na wa pili kwetu ni wa mama wa mke. Akapewa jina lako. Watu wote walifurahi, mimi pia, mpaka jioni nilipotaka kumbembeleza nikaona kwamba siwezi kumwita. Mtoto wangu mwenyewe! Nilihangaika siku kadhaa nikimwita "wewe mdogo", "wewe huyo". Ndipo nikamwita Breki. Nduku alisema ni jina baya. Wewe uliliambia trekta kwamba si baya.

Miezi mingi baadaye kitambaa kilikuja kutoka Nairobi, nikaondoa ngozi. Kipande kimoja kilikuwa kimekwisha. Cha pili kilikuwa cheusi, kimepungua, lakini bado kizima, na matundu ya ribiti yamejipanga. Nilikitia juu ya dari. Nilikukatia mukwa mpya nikampa Nduku akuletee, na jibu lako lilikuwa, "Mwambieni trekta asante." Tangu hapo mimi nawe tulisalimiana. Trekta hajambo? Trekta anakusalimu. Trekta anauliza kama mvua imefika Kitui. Ulipobatizwa, ulileta neno kwamba trekta asione wivu. Nadhani hakuna mkwe na mama mkwe waliozungumza kama sisi Ukambani kote.

Sasa umelala. Nilikuja kwenye mazishi, nikasimama mbali na wakwe wenzangu, chini ya miiba, mahali pa heshima ambapo mtu haoni kitu. Niliona migongo. Hata siku hiyo, migongo. Na trekta nalo Bwana ameliweka nje ya ghala, injini imekufa, kuku wanataga kwenye kiti changu. Niliporudi kutoka kwako nilisimama mbele yake nikajaribu. Nikasema, "Trekta..." Nikaona ujinga. Halikuwa na mtu wa kumpelekea. Kwa hiyo nimeifanya karatasi hii kuwa trekta langu.

Mama, nilikuwa na jambo moja la kukuambia, na yote hayo juu yalikuwa kukohoa.

Breki sasa anajua kubeba kibuyu kidogo. Aliomba mukwa. Nikashusha kile kipande toka darini, nikakiunganisha na kamba mpya, nikampimia. Umemkaa vizuri, matundu ya ribiti yamepita juu ya utosi wake kama shanga. Wiki iliyopita alikuwa anateremka nacho kilimani, kibuyu kitupu mgongoni, anakimbia kama watoto wanavyokimbia, na kwenye kona lilikuwa linapanda lori la mkonge na vumbi lake. Yeye hakuliona. Nikaita, "Breki! Breki!" Amezoea, naita Breki kutwa nzima, hakujali hata. Ndipo jina lako likanitoka.

Sikulichagua. Lilitoka lenyewe, zima, kwa sauti ya kilima kizima.

Na akasimama. Alisimama pale pale, mguu mmoja hewani, kwa sababu hakuwahi kulisikia kinywani mwa baba yake. Lori likapita. Vumbi likatulia. Halafu jina lako likageuka polepole, likanitazama usoni.

Nduku alikuwa mlangoni, amefunika mdomo. Alisema kwa sauti ndogo, "Huo ndio uso wa mama. Hujawahi kuuona. Ndio huo." Ana paji pana na macho yaliyo karibu kucheka. Basi nimekuona, Mama wa Nduku. Nimekuona uso kwa uso, na nikaona kwamba kumbe muda wote, kwenye njia ya Kitui, kwenye majani, chini ya kaniki, ulikuwa karibu kucheka.

Wakati mwingine nafikiria huko uliko. Mchungaji anasema huko hakuna mume wala mke. Hajasema habari za wakwe. Sijui kama siku ile tutakaa benchi moja, au kama nitakuona unakuja kwenye ile barabara ya dhahabu na nitatafuta majani ya dhahabu niingie. Mungu anajua, yeye ndiye aliyetuumba na soni.

Lakini huku chini nataka kuendelea kumwita mtoto kwa jina lake. Analipenda. Tangu siku ile anaruka akilisikia, anakuja mbio, anasimama mbele yangu. Nakuomba ruhusa. Nimengoja siku hizi zote kabla ya kuandika, nikisikiliza nyuma ya nyumba, pale kwenye kivuli chako.

Kama nimekupita njiani, Mama, kohoa tu. Nitasikia.

Lala salama kwa Bwana.

Mimi mkweo,
baba wa yule mwenye jina lako